Hewa, Moto na Akiba: Utangulizi wa Elimu ya Turbo

Juu ya meza yangu ya kazi, pembeni ya kikombe cha kalamu, ipo pistoni moja ya alumini. Ilitoka kwenye injini ya Toyota Starlet ya kawaida, ile ya sentimita za ujazo 1,331 ambayo fundi yeyote wa mtaani ameshawahi kuifungua. Ukiitazama kwa juu huoni kasoro. Masizi kidogo, basi. Ilaze ubavu ndipo jambo linajitokeza: kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa ringi ya pili, ukuta wa alumini umemeguka kipande kisichozidi punje ya muhindi. Punje hiyo ndiyo iliyoua injini nzima.

Gari lilikuwa langu. Nilikuwa kijana, nina shahada mpya na elimu pungufu, na fundi mmoja aliniahidi kwamba turbo iliyochomolewa kwenye gari jingine ingeifanya Starlet yangu ipande milima kama basi tupu. Akaifunga siku ya Jumamosi. Jumanne, nikipanda mlima wa Kitonga kwenye jua la saa nane mchana, nikasikia mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo la bati. Nikadhani ni taipeti. Nikapandisha kioo, nikaongeza sauti ya redio. Kabla sijafika juu, moshi wa buluu ulikuwa umelifunika lori lililokuwa nyuma yangu.

Siku hizi wanafunzi wakija kuniuliza wafanyeje ili gari dogo lifungwe turbo, huwapa kwanza pistoni hii waishike, kisha nawauliza: nani aliivunja? Karibu wote hujibu, "Turbo." Jibu hilo lina kosa, na kosa lenyewe ndilo mlango wa elimu ninayokukaribisha leo, ndugu msomaji.

Turbo haina nguvu ya kumpa mtu. Nguvu iko kwenye petroli, na petroli haiwaki bila hewa: kilo moja huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Kumimina petroli zaidi si kazi ngumu. Kazi ni kuingiza hewa zaidi, maana pistoni ikishuka huacha nafasi tu; anga ndiyo inayoisukuma hewa ndani, na anga haina haraka. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka kuelekea eksozi. Nyingine husukuma hewa safi kuingia kwenye silinda. Kazi yake inaishia hapo. Petroli ya ziada, moto wa ziada na shinikizo la ziada hubebwa na injini, na injini iliyokuja na gari ilibuniwa ibebe mzigo fulani, ikaachiwa akiba kidogo juu ya mzigo huo. Elimu ya turbo, ukiivua mbwembwe zake zote, ni elimu ya kuijua akiba hiyo: iko wapi, ni kiasi gani, na inaisha lini.

Pafu la lita moja na theluthi

Tuihesabu pumzi ya Starlet. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inajaza mara 3,000. Zidisha kwa lita 1.33, utapata lita 4,000 hivi kila dakika: matangi manne meusi ya maji, yale ya lita elfu moja yanayokaa juu ya mapaa yetu. Kwa kweli silinda hazijai kabisa, lakini hesabu hii inatosha kuanzia.

Hizo ni lita, na moto haujali lita. Unajali kilo. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Nairobi iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la anga limeshuka kutoka kilopaskali 101 za pwani hadi 82 hivi. Hata ukiipa Nairobi faida ya ubaridi wake, tuseme nyuzi 20, meta ile ile ya ujazo haifiki kilo moja kamili. Gari lililotoka pwani likapanda hadi kule limepoteza kama asilimia 16 ya hewa yake, na nguvu yake huondoka na hewa hiyo. Madereva husema gari limekosa pumzi. Sijawahi kusoma kitabu kilichoeleza jambo hili kwa usahihi zaidi kwa maneno machache hivyo.

Ukosefu huo wa pumzi ndio uliofanya turbo ithaminiwe mapema. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili hataza ya wazo lake mwaka 1905. Alichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hutoka na moshi ikiwa bado ni joto na kasi, ikapotea bure. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Auguste Rateau wa Ufaransa alilijaribu jambo hilo kwenye injini za ndege. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, meta 4,300 hivi juu ya bahari, aipimie pale pale penye hewa nyepesi. Turbo ikairudishia injini nguvu iliyokuwa nayo bondeni.

Zingatia neno hilo, kurudisha. Turbo inayoongeza kilopaskali 19 tu kwenye gari la Nairobi inalirudishia gari anga ya Dar es Salaam. Injini inabeba takriban mzigo ule ule iliobuniwa kuubeba, na akiba yake inabaki karibu kama ilivyokuwa. Kilopaskali 19 hizo hizo ukiziongeza Dar es Salaam, umeshaanza kuila akiba. Saa ya busti, yaani ya shinikizo linaloongezwa na turbo, kwenye dashibodi itaonyesha namba moja kwa magari yote mawili, kwa sababu hupima tofauti na anga ya mahali ilipo. Mwanafunzi anayeanza na ajifunze mapema kuuliza: shinikizo hilo ni juu ya anga ipi?

Pampu ya baiskeli

Yeyote aliyewahi kupiga upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto kwa chini, pale mdomoni. Hewa ukiibana inapata joto, na turbo nayo ni pampu. Tuchukue hewa ya Dar es Salaam, nyuzi 30, tuibane kwa kilopaskali 50 juu ya anga, yaani mara moja na nusu ya shinikizo la kawaida. Kwa feni ndogo yenye ufanisi wa asilimia 65, hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 87 hivi. Na kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, uzito unaoingia kwenye silinda haukuongezeka kwa asilimia 50 kama saa ya busti inavyojigamba. Umeongezeka kwa asilimia 26 tu.

Sasa ipitishe hewa hiyo kwenye intakula, ile redieta ya hewa inayokaa mbele ya gari au juu ya injini chini ya tundu la boneti. Ikipoa hadi nyuzi 45, nyongeza ya uzito inapanda hadi asilimia 43. Shinikizo halijabadilika, turbo haijabadilika; kilichoongezeka ni ubaridi. Ndiyo maana mafundi wanaoelewa kazi hii humwuliza mteja habari za intakula kabla ya kumwuliza ukubwa wa turbo. Starlet yangu haikuwa na intakula. Fundi alisema itakuja baadaye.

Mlio wa misumari

Plagi ikipiga cheche, moto huanzia hapo ukatambaa kuelekea kuta za silinda, kama moto wa nyasi unavyokwenda na upepo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulio pembeni, ambao moto haujaufikia, hubanwa na kupashwa na ule unaokuja. Kwa kawaida moto huufikia kwa wakati. Lakini mchanganyiko huo ukiwa umeshapata joto kupita kiasi, hausubiri: unalipuka wenyewe, wote kwa mpigo mmoja, na wimbi la shinikizo linagonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Hapo ndipo fundi husema injini inagonga. Ukuta mwembamba kati ya ringi mbili, uliokwisha kulainishwa na joto, haustahimili kugongwa hivyo mara elfu kwa dakika.

Mambo yanayochochea kugonga yanajulikana: hewa iliyoingia ikiwa ya moto, mgandamizo mkubwa, petroli yenye okteni ndogo, cheche inayotangulia mno, na petroli iliyopungua kwenye mchanganyiko. Turbo ikifungwa ovyo huleta matatu au manne ya hayo kwa siku moja. Injini za dizeli hazina shida hii, kwa kuwa mafuta huingizwa kwenye silinda wakati mgandamizo unakaribia mwisho. Kabla ya hapo kuna hewa tupu, na hewa tupu haina cha kulipuka. Ndiyo sababu mlio wa filimbi ya turbo ulizoeleka kwenye malori yanayopanda mlima wa Sekenke muda mrefu kabla haujasikika kwenye magari madogo ya petroli.

Magari mawili ya mwaka 1962

Mwaka 1962 kampuni mbili ndugu za Marekani, zote chini ya General Motors, ziliuzia watu wa kawaida magari madogo ya petroli yenye turbo. Madogo kwa kipimo cha Marekani, bila shaka. Kila moja ililitatua tatizo la kugonga kwa njia yake, na hadi leo sijapata mfano mzuri zaidi wa kufundishia.

Chevrolet walichukua injini ya Corvair, silinda sita za kulala zinazopozwa kwa hewa, wakaiwekea uwiano wa mgandamizo wa 8 kwa 1 tu. Waliiachia nafasi turbo: silinda ibane kidogo, turbo ibane kinachobaki. Hawakuweka hata westigeti, ule mlango unaopitisha moshi pembeni busti ikifika kikomo. Walitegemea msongamano wa eksozi yenyewe kuizuia turbo isikimbie mno. Injini ikatoa nguvu farasi 150, wakati ile ya msingi ya Corvair ilitoa 80.

Oldsmobile walikwenda njia nyingine kwenye gari lao la Jetfire. Injini yao ya V8 ya lita 3.5 waliiachia mgandamizo mkubwa wa 10.25 kwa 1, na ili isigonge wakaiwekea tangi la pembeni lenye maji na pombe ya methanoli, ambayo yalinyunyizwa kwenye hewa wakati wa busti. Maji yakigeuka mvuke hula joto. Kihandisi ni wazo zuri sana. Ila lilimtegemea mwenye gari akumbuke kulijaza tangi, na wengi hawakukumbuka. Tangi likiisha, mtambo ulijizuia usitoe busti, na mwenye gari akaona amenunua turbo isiyofanya kazi. Magari mengi yaliishia kuvuliwa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida.

Wahandisi wa Oldsmobile walijua fizikia yao vizuri. Walichokosea ni kumdhania mtu. Akiba waliiweka mahali ambapo binadamu wa kawaida hafungui boneti kutazama. Ukiingia kwenye elimu hii, usimsahau dereva katika hesabu zako, naye anaweza kuwa wewe mwenyewe ukiwa umechoka, ukiwa na haraka, ukiwa umeongeza sauti ya redio.

Ndugu wawili wa tumbo moja

Turudi kwenye Starlet. Toyota wenyewe walikwisha kulijibu swali la wanafunzi wangu. Katika Starlet za kizazi cha mwisho zilizouzwa Japani kulikuwa na Glanza S na Glanza V. Zote zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,331 ya familia ya 4E. S haikuwa na turbo, na nguvu yake ilikuwa farasi 85 hivi. V ilikuwa na turbo, na ilitoa 135.

Anayetazama kwa haraka huona tofauti ya turbo tu. Anayefungua injini huona mengine. Uwiano wa mgandamizo wa V ni mdogo. Injini za kawaida za ukubwa huo, kama ile niliyokuwa nayo mimi, zilikuwa na mkubwa zaidi, 9.6 kwa 1. V ilikuja na intakula yake, boneti yenye tundu la kuipelekea upepo, na kontroli boksi iliyofundishwa kujua busti ni nini. Hata hivyo Toyota waliiwekea swichi ya kuchagua busti ndogo au kubwa. Kiwanda chenyewe, chenye maabara na wahandisi, hakikuichukua injini ya S kikaichomekea turbo. Kiliijengea akiba kwanza.

Jambo hilo lilionekana hata kwenye vumbi la Kenya. Toyota Celica Twin-Cam Turbo, iliyoshinda Safari Rally mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986, ilikuwa na injini ya familia ya T, familia ile ile iliyokuwa ikisukuma Corolla na Carina za kwenda sokoni. Asili ilikuwa ya kawaida. Kilichokuwa cha pekee ni kazi iliyofanywa kati ya asili hiyo na mstari wa kuanzia.

Akiba ya milisekunde

Akiba nyingine haionekani kwa macho. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi wa silinda moja, kuanzia kuvuta hewa hadi kutoa moshi, huchukua milisekunde 20. Nozeli ya petroli haiwezi kubaki wazi kuzidi hapo. Ikiwa tayari hufunguka kwa milisekunde 16 gari likienda kwa nguvu yake yote, imebakiza nne, yaani robo tu ya ilichokuwa ikitoa. Umeongeza hewa kwa asilimia 43, nozeli ina uwezo wa kuongeza petroli kwa asilimia 25. Pengo hilo ni mchanganyiko mkavu, nao mkavu huwaka kwa joto kali na kugonga. Pengine pistoni yangu ilivunjwa na hesabu hii ya darasa la saba ambayo hakuna aliyeifanya, si fundi, si mimi mwenye shahada.

Oili nayo ina sehemu yake. Shafti ya turbo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa nyuzi 900 hivi. Ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi magumu, na turbo inaanza kula oili. Madereva wa malori huiacha injini izunguke polepole bila mzigo kwa muda kidogo kabla ya kuzima. Wengi wao walifundishwa na madereva waliowatangulia, bila kitabu, na wako sahihi.

Redieta, gasketi ya hedi, konrodi, klachi na gia boksi, kila kimoja kina akiba yake, na haziishi kwa pamoja. Breki pia, gari linalofika kasi kubwa mapema lazima liweze kuiacha mapema. Na bima iambiwe, kwa maana gari uliloandikisha si gari unaloendesha tena.

Pa kuanzia

Usifikiri nakukatisha tamaa. Mwaka 1977 Saab walionyesha gari la familia, Saab 99 Turbo, lenye injini ya lita 2 na westigeti, lililopangwa kutoa busti yake kwenye mizunguko ya kati, pale mtu anapolipita lori barabarani. Hawakutafuta namba kubwa ya kujivunia. Waliuliza dereva anahitaji nguvu wapi, wakaipeleka hapo. Magari mengi madogo ya leo yanayotoka kiwandani na injini za lita moja na turbo yanafuata hoja hiyo hiyo: injini ndogo, pumzi ya ziada pale inapohitajika, na akiba iliyopimwa kabla ya chuma kumiminwa.

Kwa hiyo anza kwa kupima, turbo isubiri dukani. Pima mgandamizo wa silinda zote nne. Ikiwa moja imepungua, injini hiyo inadai matengenezo, haidai turbo. Pima joto la hewa inayoingia saa nane mchana na saa nne usiku, ulinganishe. Funga kipimo cha mchanganyiko kwenye eksozi, uone gari lako linachoma nini likipanda mlima. Jifunze kusikia kugonga, kwanza kwa chombo, kisha kwa sikio. Kaa na fundi mzee mwenye mikono myeusi, umsikilize anaposema gari inachemsha, inagonga, inakula oili, imekosa pumzi. Kila neno hapo ni sura nzima ya elimu hii, na ukishajua fizikia iliyo nyuma yake utamheshimu zaidi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye injini huliwa, na mlaji hapati risiti.

Mara moja moja hutokea mwanafunzi ambaye nikimpa ile pistoni na kumwuliza nani aliivunja, hanijibu. Anaigeuza, anapitisha kidole kwenye pale palipomeguka, kisha ananiuliza yeye: "Mwalimu, hewa ilikuwa na joto gani? Mgandamizo ulikuwa kiasi gani? Petroli ilikuwa ya wapi? Na ulisikia mlio kwa muda gani kabla hujasimama?"

Huyo humvutia kiti. Swali la mwisho huwa namjibu kwa sauti ya chini.